Ruta iseme yote, au iseme yenye uzito tu?

Wasimamizi wa mitandao hawajawahi kukubaliana kuhusu logi, yaani rekodi za matukio ambazo vifaa hujiandikia. Wapo wanaotaka kila ruta na swichi (vifaa vinavyopitisha data ya mtandao) iripoti kila inachokiona, na wapo wanaosema kifaa kinyamaze mpaka pawe na hitilafu ya kweli. Nimefanya kazi na pande zote mbili, na ninaamini kila upande una haki mahali pake. Kosa ni kulazimisha jibu moja kila mahali.

Mzizi wa ubishi ni namba moja. Katika syslog, utaratibu wa kuandika na kutuma logi aliouanzisha Eric Allman miaka ya 1980 akiwa anatengeneza programu ya barua pepe ya Sendmail, kila ujumbe hupewa uzito, au ngazi, kuanzia 0 hadi 7. Sifuri maana yake mfumo hautumiki tena. Saba ni maelezo ya uchunguzi tu. Ukikiambia kifaa "4", kitatoa onyo na yote yaliyo mazito kuliko onyo, na 5, 6 na 7 zitamezwa.

Wanaotaka uchujaji hawasemi ovyo. Chukua konsoli, yaani njia ya kuchapa amri moja kwa moja kwenye kifaa, inayokwenda kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde: hapo hupita herufi 960 hivi kwa sekunde, yaani mistari tisa au kumi. Kebo mbovu ikianza kuwasha na kuzima porti (tundu la kebo), au fundi akiwasha ujumbe wa ngazi ya 7 huku konsoli ikiwa wazi, prosesa hulemewa na kazi ya kuandika hadi fundi huyo hawezi hata kuchapa amri ya kuzima alichokiwasha. Na syslog ya kawaida husafiri kwa UDP (njia ya kutuma data), porti 514 (hapa porti ni namba ya huduma, si tundu), ambako hakuna anayethibitisha kupokea. Kwa hiyo mtandao unapozidiwa, saa ile ile tunayozihitaji logi kuliko zote, ndipo nazo zinapopotea njiani.

Lakini tazama kinachomezwa. Katika vifaa vya kampuni ya Cisco, porti ikianguka utaona %LINK-3-UPDOWN (namba ya katikati ndiyo ngazi), nayo inapita kwenye chujio la 4. Jirani wa BGP (itifaki ambayo ruta hutumia kupeana habari za njia kati ya mitandao) akipotea, ujumbe ni %BGP-5-ADJCHANGE. Wa OSPF (itifaki kama hiyo, ya ndani ya mtandao mmoja) akipotea, ni %OSPF-5-ADJCHG. Mtu akiingia na kubadilisha mipangilio, ni %SYS-5-CONFIG_I, pamoja na jina la akaunti aliyotumia na mara nyingi anwani aliyotokea. Yote ni ngazi ya 5. Anayeweka 4 akidhani anaondoa kelele anabaki na habari za kebo, huku habari za njia za mtandao na za watu walioigusa ruta zikimpita.

Hili nililiona kwa macho yangu. Mtandao wa ofisi moja ulikatika usiku, na aliyekuwa zamu akafanya wanachofanya wengi: akazima ruta na kuiwasha upya. Logi zilikuwa ndani ya bafa tu, yaani kumbukumbu ya muda ya ruta, na bafa hufutika umeme ukikatika. Asubuhi tulikuta mistari ya tangu kuwaka, kila mmoja ukianza na nyota na tarehe 1 Machi. Ile nyota ni ruta ikikiri kwamba haina uhakika na saa yake. Hatukujua nani alibadilisha nini, wala lini, na tulimaliza siku nzima tukikisia.

Ndiyo maana kwangu ukimya haupaswi kuanzia kwenye chanzo. Kifaa kitume ngazi ya 6 kwenye seva inayokusanya logi. Konsoli ibaki na 2 au izimwe kabisa. Bafa iongezwe, maana katika ruta nyingi za Cisco huja na baiti 4096, ambazo ni kama mistari arobaini. Kuchagua kipi kimwamshe mtu usiku ni kazi ya seva. Seva ikikosea kuchuja, ujumbe bado upo na utausoma kesho. Ruta isipoutuma, haupo tena. Na kabla ya yote hayo, NTP, utaratibu wa kulinganisha saa za vifaa: bila saa moja kwa vifaa vyote, huwezi kupanga matukio ya ruta mbili kwa mfuatano. Muundo wa zamani wa syslog, ulioandikwa katika RFC 3164 (RFC ni hati za kiufundi za intaneti), hauna hata mwaka. RFC 5424 ya 2009 ndiyo iliyoleta tarehe kamili pamoja na tofauti ya saa za eneo.

Upande wa kuandika yote una deni moja ambalo wengi wao hawalitaji. Mtu mwenye haraka huchapa nenosiri mahali pa jina la mtumiaji. Kifaa kikiwa kimewekwa kurekodi majaribio yaliyoshindwa, nenosiri hilo huandikwa kama jina, likasafiri wazi kwa UDP na kukaa kwenye seva ambayo pengine idara nzima inaisoma. Syslog juu ya TLS (usimbaji fiche wa data inayosafiri), porti 6514, inafunga njia ya katikati. Haifungi seva yenyewe, na orodha ya wanaoruhusiwa kuifungua huandikwa na msimamizi kwa mkono wake, kabla hajapandisha ngazi kutoka 4 kwenda 6.