Acheni kutia dawa jicho lisiloumwa

Karibu kila zizi la farasi nililowahi kuingia lina mrija wa tetrasaiklini, dawa ya antibiotiki ya jicho, uliokunjwa mkiani, kifuniko kimepotea zamani. Msimu wa nzi ukifika, farasi akitoa machozi kidogo tu, anakamuliwa dawa hiyo jichoni. Mimi silikubali jambo hili.

Jicho la farasi mwenye afya si tupu. Pitisha kijiti cha pamba ndani ya kope ya chini, kipeleke maabara, na mara nyingi wataoteshwa humo bakteria kama stafilokoka, korinebakteria na basilasi, pengine na kuvu aina ya aspajilasi. Ajabu iko wapi? Miongoni mwa mamalia wa nchi kavu hakuna mwenye jicho kubwa kumshinda. Limetokeza ubavuni mwa kichwa, na kichwa chenyewe kinashinda kwenye majani makavu. Vumbi, matandiko ya zizi na miguu ya nzi huleta wageni kutwa. Machozi yanawasafisha, kope zinafagia, na wanaobaki huwabania nafasi waharibifu.

Joto, mvua na vumbi vikibadilika, wakazi hao nao hubadilika. Farasi anayelala malishoni hana mchanganyiko sawa na anayefungiwa ndani. Florida, kwenye joto na unyevu, kuvu wa jicho ni balaa inayojulikana. Uingereza ni nadra zaidi. Kwa hiyo karatasi ya maabara iliyoandikwa "stafilokoka" bila mwezi wala hali ya zizi hainiambii kitu. Si ugonjwa huo. Huenda ni hali ya hewa ya Machi tu.

Ukikamua antibiotiki wiki nenda wiki rudi, unawaua wenyeji na kuwafungulia kuvu mlango. Matone yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ni hatari zaidi: konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, ikiwa na mchubuko, yanaweza kulimaliza jicho. Daktari wa mifugo hudondoshea rangi ya fluoresini kwanza. Palipochubuka panang'aa kijani, nawe unaona kwa macho yako. Hapo ndipo dawa ina kazi.

Farasi akifumba jicho, likivimba au kuingia ukungu mweupe, mwite daktari siku hiyo hiyo, maana bakteria kama sudomona huweza kuyeyusha konea kwa muda mfupi sana. Machozi maangavu kama maji ya msimu wa nzi, jicho likiwa wazi na halina maumivu? Zoa samadi, mvishe barakoa ya nzi, lowesha majani kabla ya kumlisha. Wenye punda, nanyi mmo humu. Na ule mrija wa mwaka jana utupeni.