Redio ya wanafunzi Lubumbashi: nani atashika ufunguo wa studio?

Pendekezo la kuwapa wanafunzi wa sekondari redio yao likifika kwenye kikao cha wazazi hapa Lubumbashi, mara nyingi huzimwa kabla halijaelezwa. "Batoto basome kwanza, redio ni ya nini?" Na akiwapo mzee mwenye kumbukumbu, ataongeza kwamba mji huu uliwahi kuwa na redio ndani ya shule, na ikaishia kwenye risasi. Hiyo ya mzee ndiyo hoja nzito kuliko zote. Ninaiheshimu, ila naona inafundisha kinyume na anavyodhani yeye.

Katika Kongo ya Wabelgiji, redio na shule za mapadre zilikaa nyumba moja tangu mapema. Mwaka 1937 Wajesuiti walianzisha Radio Léo ndani ya Collège Albert pale Léopoldville (Kinshasa ya leo), shule ambayo leo ni Boboto. Huku kwetu, Élisabethville ya wakati ule, Wasalesiani nao wakawa na Radio Collège katika shule ya Saint-François-de-Sales, ambayo sisi tunaijua kama Imara. Kisha Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo letu la Katanga, akatangaza kujitenga kwake na Kongo tarehe 11 Julai 1960. Septemba 1961 Umoja wa Mataifa ulipotuma askari wake kushika posta na vituo vya redio vya mji, Radio Collège ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizogombaniwa. Askari wa Ireland waliwekwa pale, na wenzao wawili waliuawa kwa kuviziwa karibu na hapo. Mahali pa daftari na kengele pakawa mahali pa bunduki.

Lakini tuulize: katika historia hiyo yote, mwanafunzi yuko wapi? Hayupo. Shule ilijengwa kwa ajili ya watoto wa Wazungu, mitambo ilikuwa ya mapadre, na siku siasa ilipobisha hodi, walioamua nani aseme nini walikuwa watu wazima wenye vyeo. Radio Collège ilikuwa redio ya shule kwa anwani tu. Tukitaka kuitumia kama onyo, basi ituonye juu ya mitambo yenye nguvu inayowekwa mikononi mwa wakubwa, halafu ikabandikwa jina la shule.

Nguvu ya mitambo ni jambo la kupimwa, na watu wengi hulipita haraka. Redio iliyogombaniwa mwaka 1961 ilikuwa na thamani kwa sababu atakayeishika angeweza kusemesha mji mzima, labda na zaidi. Kisambazaji cha FM cha wati 10 au 20, na antena iliyofungwa juu ya paa la madarasa, kinafika kilomita chache tu, tena kama hakuna ghorofa au mti mkubwa mbele yake. Ukiwa mtaa wa Kamalondo, utasikika mtaa jirani unaoitwa Kenya, pengine kipande cha mtaa wa Katuba. Hakuna jenerali atakayetuma kikosi kwa ajili ya hilo. Akitaka kusemesha watu leo anayo njia rahisi zaidi, nayo iko mfukoni mwa kila mtu.

Mfano wa redio iliyo ya wanafunzi kweli hauko kwetu. Portland, jimbo la Oregon huko Marekani, mwaka 1923 umoja wa wanafunzi wa shule ya ufundi ya Benson ulinunua mitambo ya redio, na kituo hicho, KBPS, kipo mpaka leo. Msinielewe vibaya: hata huko umiliki uliishia kwa mamlaka ya shule za mji. Wanafunzi ndio hawakuondoka kwenye maikrofoni. Vizazi na vizazi vya vijana wamepita pale, na ninachokiona cha maana ni kwamba waliingia kama wenye mali. Aliyenunua kitu hukitunza kwa namna ambayo aliyepewa haijui.

Upande wa pili una mambo ya kweli. SNEL, shirika la umeme la taifa, inakata umeme inapotaka. Wazazi wanaolipa minervali (karo ya shule) kwa shida hawatafurahi kusikia sehemu yake imenunua meza ya kuchanganyia sauti. CSAC, mamlaka inayosimamia redio na televisheni, ipo, na atakayejibu mbele ya sheria ni mtu mzima, maana yake prefe (mkuu wa shule), ambaye atapata usingizi mdogo kila mtoto anapofungua kinywa hewani. Na siasa za hapa hazijawahi kuiacha redio wala televisheni ipumue: Nyota TV, ya Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga kisha akawa mpinzani wa Rais Kabila, ilifungwa Januari 2016, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Prefe anayekataa ana sababu zake. Mimi katika kiti chake ningesita pia.

Ila kuna jambo moja ambalo wakataaji hawaligusi. Fikiria ni lini mtoto wa Katuba au Kampemba aliwahi kusikika, au hata kutajwa, redioni. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa moja: siku ya matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Mtangazaji anasoma shule, anasoma option (mchepuo), kisha majina na asilimia. Nyumbani watu wamezunguka redio, mama amenyamazisha wadogo, betri zimebadilishwa tangu asubuhi. Jina likitoka, kelele, na unga unamwagwa kichwani mwa finalisti (mwanafunzi wa mwaka wa mwisho) hadi barabarani. Lisipotoka, mtu anajifanya hakusikia vizuri, anasubiri tangazo la marudio. Siku hizi wengi wanapata matokeo kwa simu. Lakini angalia mpangilio wenyewe: miaka 12 ya shule, na redio inakujua kwa sekunde mbili, kama jina na asilimia, tena akikusoma mtu mwingine.

Sasa chukua taarifa ya dakika tatu juu ya maji, iliyotengenezwa na msichana wa mwaka wa tatu wa humanités (sekondari ya juu). Inabidi aamke mapema akasimame kwenye foleni ya robine, aulize bei ya bidoni, aulize tena kwa mtu wa pili kwa sababu wa kwanza alikuwa na hasira na huenda ameongeza. Mama mmoja atamjibu kwa dakika kumi. Yeye anahitaji nusu dakika, na lazima akate bila kumfanya mama aseme asichosema. Kisha aiandike tena, maana sentensi ndefu ya dissertation (insha ya darasani) ikisomwa hewani pumzi inakatika katikati. Kazi hiyo anaifanya akijua kwamba yule mama jioni atasikiliza. Mwalimu wa kweli hapo ni huyo mama, na shule haina namna nyingine ya kumleta darasani.

Wanaosema WhatsApp inatosha wanasahau sehemu hiyo. Sauti ya WhatsApp inawafikia uliowachagua. Redio ya mtaa inamfikia jirani usiyempenda, na yeye ndiye atakayekuja getini kesho kudai usahihishe. Tunalalamika kwamba vijana wanasambaza uvumi. Mahali pa kujibishwa kwa ulichosema tunawanyima.

Kwa hiyo mimi ningekubali, kwa masharti ambayo yangeudhi pande zote mbili. Kibali kiwe kwa jina la shule na prefe aweke sahihi. Ratiba, na ufunguo wa studio, vibaki kwa kamati ya wanafunzi waliochaguliwa na wenzao. Matangazo ya vyama na ya wagombea yasiingie hata wakilipa vizuri, na hapo ndipo watu wazima watakapoanza kunung'unika, si vijana. Wati zibaki chache. Finalisti waondoke studio miezi ya Exetat, na wa mwaka wa tatu wawe wameshafundishwa kabla.

Hilo la mwisho ndilo linalonipa wasiwasi kuliko polisi na CSAC. Kikundi kinachoanzisha redio kina moto; wanaorithi wanakuta vifaa na deni. Shule hufunga Julai na Agosti, mwanafunzi mwenye ufunguo yuko Likasi kwa shangazi yake, na jenereta haiwaki kwa ahadi. Kabla ya kununua maikrofoni, kamati ya wazazi iandike kwenye karatasi ni nani atakayelipa mafuta ya miezi hiyo miwili.