Kukataa kupuliza kipima ulevi: nani hasa anafaidika?

"Usipulize." Madereva wengi Marekani wameusikia ushauri huo, na kwa miaka mingi haukuwa wa kijinga. Bila namba ya kilevi, mwendesha mashtaka hubaki na maneno ya askari tu: alinuka pombe, macho yalikuwa mekundu, alipepesuka. Wakili hodari huyachambua maneno hayo mpaka yakapwaya.

Gharama yake ndiyo isiyosemwa. Tuchukue California. Dereva aliyekamatwa amekalishwa kituoni mbele ya mashine yenye mrija wa plastiki, askari anamsomea onyo: chagua pumzi au damu, na huna haki ya kuzungumza na wakili kabla ya kuamua. Akijibu "namngoja wakili wangu", amehesabiwa kuwa amekataa. Akinyamaza, vilevile. Kwa kosa la kwanza, aliyepimwa akakutwa na kilevi cha asilimia 0.08 katika damu (kiwango cha sheria) au zaidi hufungiwa leseni miezi 4. Aliyekataa, mwaka mzima. Texas ni siku 90 kwa aliyepimwa, 180 kwa aliyekataa. Na adhabu hiyo hutoka kwa mamlaka ya leseni, nje ya kesi ya jinai.

Msingi wake ni fikra iliyoanzia katika sheria ya New York ya 1953: ukiingia barabarani, umekwisha kuridhia kupimwa. Wapinzani huuliza ni ridhaa gani hiyo ambayo ukiikana unaadhibiwa. Kwa neno hilo wana haki; lingeitwa sharti la leseni, tukaelewana. Lakini hofu ya serikali nayo si ya kubuni. Kilevi hushuka mwilini kwa takriban 0.015 kila saa. Aliyekuwa na 0.09 saa sita usiku, saa saba huenda ameshuka chini ya kiwango, na ushahidi umeyeyuka naye akiwa ameketi tu.

Mahakama ya Juu imeegemea zaidi upande wa serikali. Mwaka 1983, katika shauri la South Dakota v. Neville, iliruhusu kukataa kwenyewe kutumika kama ushahidi. Mwaka 2016, katika Birchfield v. North Dakota, ilisema jimbo linaweza kufanya kukataa kutoa pumzi kuwa jinai, ila si damu pasipo kibali cha hakimu. Mpaka huo naukubali: pumzi hutoka yenyewe, sindano huingia. Tatizo ni kwamba vibali siku hizi hupatikana upesi. Texas ina usiku ambao mahakimu hukaa tayari kuvitia saini. Umekataa kwa mdomo, unatolewa damu mkononi, na leseni imekwenda kwa kukataa.

Anayebaki na sababu ya kubahatisha ni mlevi chakari, hasa mwenye hatia za nyuma. Aliyekunywa bia moja, akakataa kwa hasira au woga, anapoteza mwaka kwa namba ambayo huenda ingemwokoa. Hata hivyo, ukiondoa adhabu ya kukataa, walevi wote watafunga midomo. Ningeiacha ilivyo, lakini nimpe dereva muda mfupi wa kumpigia wakili kwanza, kama Minnesota inavyofanya.

Kwa wa California, akiachiwa asubuhi huwa na karatasi mkononi badala ya leseni. Ana siku 10 za kuomba kusikilizwa na mamlaka ya leseni.