Mkono wa Mama na Ubeti wa 47

Mama alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Kila asubuhi kabla ya chai nilimkunjua vidole, kimoja kimoja, kisha nikamwekea mpira mdogo kiganjani aufumbate. Nilikuwa na daftari la kuhesabu amefumbata mara ngapi. Siku hesabu ikishuka, sauti yangu ilipanda. "Mama, jitahidi basi!" Naye alikuwa akijitahidi.

Siku hizo nilikuwa nasoma Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha dini ya Kihindu, mazungumzo ya mungu Krishna na shujaa Arjuna katika uwanja wa vita wa Kurukshetra, sura 18, beti 700. Ubeti wa 47 wa sura ya pili ndio unaonukuliwa sana: haki yako ni kutenda, matunda si yako kamwe. Nimewahi kusikia ukitumiwa kumnyamazisha mfanyakazi anayedai ujira wake, na hilo linaniuma, kwa sababu ni kuukata ubeti katikati. Mwisho wake unaonya: wala usishikamane na kutotenda. Tena anayeambiwa ni shujaa aliyekwama, kinywa kimemkauka, upinde unamponyoka mkononi kwa kuwaza yatakayokuja akiwaua ndugu zake. Krishna anataka ainuke.

Gandhi, mpigania uhuru wa India aliyeitafsiri Gita kwa Kigujarati, alisisitiza kwamba kuyaachilia matunda si kutojali matokeo. Hapo ndipo nilipoelewa. Mtaalamu wa mazoezi anazihitaji namba za mama, na anazichukua mwenyewe kliniki. Mimi nilikuwa nazitaka kwa ajili ya moyo wangu.

Beti za 62 na 63 za sura hiyo hiyo zilinikamata zaidi. Kukiwaza kitu mno huzaa kunaswa nacho, kunaswa huzaa tamaa, tamaa huzaa hasira, hasira huleta kuchanganyikiwa, mtu husahau, mwisho akili hupotea. Nilijiona humo mzima mzima, saa moja asubuhi, nikimkaripia mgonjwa ambaye ndiye aliyenifundisha kushika kijiko.

Daftari nimelifungia kabatini. Mazoezi ni yale yale, wala sijapunguza hata dakika. Ila sasa nautazama mkono wenyewe. Kumbe kidole cha shahada huwa cha baridi kuliko vingine, na nikikipasha kwanza kati ya viganja vyangu, hukunjuka bila mama kukunja uso. Akichoka husema, "Basi, mwanangu." Nami naacha, tunakunywa chai.