Acheni kuchokoa jikleri kwa waya!

Hapa Bukavu, pikipiki ikianza kukohoa tu, fundi anafungua kabureta na kuchokoa jikleri kwa waya wa breki. Jamani, acheni! Jikleri ni kipande kidogo cha shaba, na kitundu chake, upana wake kama milimita 1, ndicho kinachopima petroli inayoingia kwenye injini. Shaba ni laini. Chuma kinaikwangua, kitundu kinapanuka, na tangu siku hiyo pikipiki inabugia mafuta, plagi nyeusi tii, moshi mpaka mtaa wa Kadutu. Hasara ni ya dereva, maana hesabu anayompelekea tajiri mwenye pikipiki haipungui. Osheni kwa petroli, pulizeni kwa kompresa, basi. Nanyi makadhafi, wauza petroli wa barabarani, chujeni mafuta yenu! Maji ni mazito kuliko petroli, yanatuama chini ya kabureta, palepale jikleri inaponyonya.