Madumu mawili na maji kujaa
Nimesoma makala kuhusu Michael Rockefeller, kijana Mmarekani wa ukoo tajiri aliyepotea baharini. Mwandishi anasema hakuwa na namna ya kufika pwani ya Asmat, New Guinea, ile Novemba 1961, kwa hiyo alizama au aliliwa na mamba, basi. Mimi sioni kama suala limeisha. Chombo chake na wenzake kilipojaa maji kikapinduka, vijana wawili wenyeji waliokuwamo walijitosa wakaogelea hadi nchi kavu, na ndio waliopeleka habari. Kweli, wao waliondoka mapema, pwani ikiwa karibu. Michael aliondoka kesho yake, mkondo umeshawasukuma mbali sana. Lakini alikuwa kijana wa miaka 23, amejifungia madumu mawili matupu ya petroli, na mwenye chelezo cha namna hiyo hazami upesi. Nimekulia delta ya Rufiji, matope na mikoko kama kule: maji yakijaa yanakuingiza hadi mdomo wa mto hata ukiwa hoi, yakipwa yanakurudisha baharini unajiona. Kwa hiyo cha kuuliza ni saa aliyojitosa, si nguvu za mikono. Halafu mbona makala imeruka kijiji cha Otsjanep huko huko Asmat, ambako doria ya Waholanzi, waliotawala kule wakati huo, iliua watu mwaka 1958? Sisemi wanakijiji walilipiza kisasi kwa Michael, maana mwili haukupatikana, ila huwezi kutaja mamba ukanyamazia hilo. René Wassing, Mholanzi aliyesafiri naye akabaki ameng'ang'ania chombo, aliokolewa. Wazee wetu hukataza kuacha chombo kilichopinduka. Nyie wavuvi mliowahi kupinduka, mlikaa au mliogelea?