Kabla ya Kutuelimisha, Njooni Mtutazame

Tangu Oktoba 2024, Mkenya asiye na mwajiri anatakiwa kulipa mchango wake wa bima ya afya ya SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, kwa mkupuo, mwaka mzima mara moja. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kabla hajauona, na hana haja ya kukumbuka chochote. Mama mboga, fundi, mwendesha bodaboda na mkulima ndio wanaotakiwa kuzikusanya hizo pesa wenyewe, kuzilinda zisimezwe na karo, kisha kuzipeleka zote siku moja.

Ukizigawa, 3,600 ni kama shilingi 10 kwa siku. Nilimuuliza mama ninayenunua kwake sukuma wiki kama ameshalipa. "Mwanangu," akaniambia huku akiendelea kukatakata, "kumi kila siku hata leo nakupa. Hizo elfu tatu na mia sita nitazitoa kwa mboga gani?" Mama huyu haikatai bima. Amewahi kuchangia bili za hospitali za majirani, na anajua kulazwa kunagharimu nini. Kinachomkwamisha ni ratiba ya malipo iliyoandikwa na mtu ambaye pesa humfikia mwisho wa mwezi zikiwa zimekamilika.

Waliojisajili SHA ni wengi mno kuliko wanaolipa, na kila jambo hilo linapotajwa, utasikia kauli ile ile: wananchi waelimishwe kuhusu umuhimu wa bima. Kauli hiyo inanikera, na nitasema kwa nini. Serikali zetu hutunga sera kwa kumkisia mwananchi, na zikishamkisia vibaya zinamwona yeye ndiye mjinga. Ilhali ipo sayansi ya tabia, ambayo kazi yake ni kuacha kukisia: unakwenda kutazama watu wanaamuaje wakiwa na pesa walizo nazo na muda walio nao, unajaribu njia mbili tatu, unapima. Tena sehemu kubwa ya utafiti huo imefanyika hapa hapa kwetu, kwa wakulima wetu na akina mama wetu.

Chukua mbolea. Miaka ya 2000, wachumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walikuwa Busia, magharibi mwa Kenya, wakitafuta jibu la swali moja: kwa nini wakulima wengi wa mahindi hawatumii mbolea, na mashamba ya majaribio yanaonyesha kwamba inalipa? Waliokuwa wameonyeshwa mbolea kwenye mashamba yao wenyewe, karibu wote, asilimia 97.7, walisema wangeitumia msimu uliofuata. Msimu ulipofika, waliotimiza walikuwa asilimia 36.8. Na wakulima walipoulizwa kwa nini hawatumii, karibu wanne kati ya watano walisema pesa hawana. Waliosema haina faida au haifai kwa udongo wao walikuwa wachache mno. Kwa hiyo elimu walikuwa nayo.

Na pesa? Pesa zilikuwepo, ila zilikuwepo wakati mwingine. Ziliingia mahindi yalipovunwa na kuuzwa. Kutoka siku hiyo mpaka siku ya kuweka mbolea shambani kuna karo, kuna matanga, kuna bati la kubadilisha, kuna shemeji aliyekwama. Mkulima anajiambia atanunua wiki ijayo, na wiki ijayo nayo ina mambo yake. Yeyote aliyekulia kwenye nyumba inayotegemea shamba anaijua hesabu hii bila kufundishwa.

Basi watafiti wakabuni mpango walioupa jina SAFI. Afisa alimfuata mkulima nyumbani mara tu baada ya mavuno na kumuuzia vocha ya mbolea kwa bei ya kawaida, na mbolea yenyewe angeletewa bila malipo wakati alipoitaka. Asiye na taslimu alilipa kwa mahindi. Punguzo lote lilikuwa ile safari ya kwenda mjini na kurudi na mzigo. Matumizi ya mbolea yalipanda kwa kiasi kinachokaribiana na kile kilichopatikana kwa kukata bei kwa nusu baadaye katika msimu. Na ofa ile ile ya kuletewa bure ilipotolewa baadaye, msimu ukiwa umeshaanza, haikubadilisha jambo la maana. Ofa ilikuwa moja, wakulima wa eneo lile lile. Tofauti ilikuwa mwezi ilipotolewa.

Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2011. Mwaka 2019, Duflo na Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee, walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Sasa tazama sera yetu. Mwaka 2022 serikali ilishusha bei ya gunia la kilo 50 hadi shilingi 3,500, na mwaka uliofuata hadi 2,500. Ni nafuu kubwa, na kwa wengi ndiyo iliyowawezesha kupanda. Lakini mkulima bado alilazimika kungoja ujumbe kwenye simu, kisha afunge safari hadi ghala la NCPB, bodi ya serikali ya nafaka, apange foleni, na akikosa arudi siku nyingine kwa nauli nyingine, na haya yote msimu wa kupanda ukiwa umeshabisha hodi, wakati mfuko wake uko tupu kuliko wakati wowote wa mwaka. Tuliwekeza kwenye bei na kuusahau umbali na kalenda, na hayo mawili ndiyo Busia ilikuwa imetufunza. Ninaumia kuona wakulima wa kwetu wameupa ulimwengu somo ambalo wizara yao wenyewe haikulifungua.

Turudi kwenye afya. Mchumi Pascaline Dupas na yule Robinson wa Busia walifanya utafiti mwingine magharibi mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 2013, wakishirikiana na watu wa vyama vya kuweka na kupokezana pesa. Baadhi walipewa kisanduku cha chuma chenye kufuli na ufunguo wao. Wengine walipewa kisanduku ambacho ufunguo wake ulibaki kwa afisa wa mradi. Ungeniuliza mimi, ningedhani kisichofunguka ndicho kingeshinda, maana pesa hazichomoki. Kilichofanya kazi zaidi kwa matumizi ya kujikinga na magonjwa ni kile cha ufunguo mkononi. Akiba ya afya ilipanda kwa asilimia 66 kwa kupata tu mahali salama pa kuiweka. Watu waliogopa kufungia pesa ambayo huenda wangeihitaji mtoto akishikwa na homa usiku. Lakini kule kuiweka kando, kwenye kisanduku chenye kazi maalumu, kuliwapa nguvu ya kukataa matumizi mengine na jibu la kumpa ndugu anayeomba. Na walioweka pamoja kupitia chama chao walifika mbali zaidi kuliko wote.

Yaani zaidi ya miaka kumi kabla ya SHA tulikuwa tunajua jinsi mwenye kipato cha siku anavyoweka pesa za matibabu: kidogo kidogo, karibu naye, na wenzake wakimtazama. Kanuni zikaja zinadai mkupuo. Mwaka 2025 ndipo ukaja mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambapo mtu anakopeshwa mchango wa mwaka na kuulipa kidogo kidogo. Ni afadhali, nami naupongeza. Lakini tumejenga ukuta kwanza, kisha tukamkopesha mtu ngazi ya kuuruka. Na chama, chombo ambacho kila mtaa unacho na kila mama anakiamini, hadi leo hakijapewa nafasi kinayostahili katika mpango huu.

Hata jambo dogo kama maji ya kunywa linaonyesha hivyo. Dawa ya klorini ikiuzwa dukani, wachache huinunua. Ikiwekwa pale pale kwenye chemchemi, ndani ya tangi la buluu lenye valvu inayotoa kipimo cha mtungi wa lita 20, mama anafungua mara moja, anajaza, anajitwika, na dawa inafanya kazi akiwa njiani kurudi. Hana cha kukumbuka nyumbani, na majirani wanamwona akitia.

Hata hivyo sitaki mtu aiuze sayansi hii kama dawa ya kila ugonjwa. Uingereza ilianzisha kitengo chake cha sayansi ya tabia serikalini mwaka 2010, Marekani ikafuata, na sifa zikawa nyingi. Watafiti Stefano DellaVigna na Elizabeth Linos walipokusanya majaribio 126 ya vitengo vya Marekani, yaliyogusa watu milioni 23, walikuta wastani wa mabadiliko ni pointi 1.4 tu za asilimia, ilhali makala za wasomi zilikuwa zikitangaza pointi 8.7. Hiyo 1.4 si haba kama gharama yake ni barua iliyoandikwa vizuri. Lakini haijengi zahanati.

Na kwetu kuna somo chungu zaidi. Jaribio la kuongeza walimu wa kandarasi katika shule za msingi lilipandisha alama za wanafunzi pale lilipoendeshwa na shirika lisilo la kiserikali. Pale lilipoendeshwa na serikali, kwa mpango ule ule, alama hazikupanda. Mishahara ilichelewa na chama cha walimu kikapinga. Kwa hiyo utafiti unaofanywa nje ya serikali, na watu waliochaguliwa kwa uhodari wao, hautuambii bado kama afisa wa kaunti mwenye gari moja bovu ataweza.

Kisha kuna suala la heshima, na hapa sina mzaha. Mwaka 2020 watu wengi walikasirika walipojua kuhusu utafiti wa Kayole-Soweto, Nairobi, ambapo wenye nyumba waliokuwa na madeni ya maji walichaguliwa kwa bahati nasibu ili watishiwe kukatiwa, na wasipolipa wakakatiwa kweli. Watafiti walijitetea kwamba kampuni ya maji ina haki ya kukata maji ya asiyelipa. Lakini mabomba yaliyokauka yalikuwa ya wapangaji, na deni lilikuwa la mwenye nyumba. Jaribio ambalo gharama yake inabebwa na mtu ambaye hakuulizwa na hana la kuamua halipaswi kupita, hata likiwa na majibu mazuri namna gani. Katiba yetu ya 2010 inadai ushirikishaji wa umma. Sioni kwa nini takwa hilo liishie kwenye mikutano ya saa nne asubuhi katika ukumbi wa kaunti, wakati wenye vibanda wako vibandani, na lisifike kwenye tafiti zinazotufanyia majaribio.

Ninachodai kinawezekana ndani ya mwaka mmoja, na SHA ndipo pa kuanzia. Wizara ichague wadi kadhaa kwa bahati nasibu, wakazi wakielezwa na kukubali, na asinyimwe mtu matibabu kwa sababu ya jaribio. Baadhi walipe kila siku kwa simu. Baadhi walipe kupitia chama chao, mweka hazina akiwasilisha kwa niaba yao. Wengine wabaki na utaratibu wa sasa. Zoezi hilo liendeshwe na maafisa wa kawaida wa kaunti, kwa vifaa walivyo navyo. Mwisho wa mwaka tuhesabu ni familia ngapi katika kila kundi zilikuwa na bima hai siku zilipofika hospitali, na matokeo yachapishwe yote, hata yakionyesha kwamba mimi na yule mama wa sukuma wiki tumekosea.